Mubirizi kwenye Chuchu za Bihogo

Jirani yangu Rutayisire alikuwa mwizi anayeimba kwaya, na mwizi wa namna hiyo ndiye anayenichefua. Hapa Nakivale, kambini kwetu wakimbizi, tulichunga kwa zamu, ng'ombe wake pamoja na Bihogo, ng'ombe wangu. Kila siku ya zamu yake Bihogo alirudi kiwele kimenywea, chuchu zimelowa mate ya ndama, na ndama wangu alishinda amefungwa nyumbani. Nikaelewa. Maziwa ya ng'ombe wake aliyauza kwenye gari la wanunuzi wa Mbarara, ndama wake akamnyonyesha kwa Bihogo. Na maziwa ya Bihogo ndiyo yaliyomweka hai Sonia, mjukuu wangu, aliyetoka kuugua surua na hakuweza kumeza kingine.

Sikumshtaki. Nilitaka aumie.

Uani kwangu palikuwa na mubirizi, kile kichaka cha maua meupe ambacho majani yake machungu wanawake wetu hujipaka kifuani kumwachisha mtoto ziwa. Asubuhi ya zamu yake, baada ya kukamua, niliyatwanga nikazipaka chuchu zote nne za Bihogo. Sikumwambia mtu. Jioni ningeziosha kabla ndama wangu hajanyonya.

Nilijificha malishoni. Ndama wa Rutayisire alinyonya, akatikisa kichwa, akajaribu chuchu nyingine, akakimbia. Rutayisire akagusa kwa kidole, akaonja, akatema. Nilicheka hadi mbavu zikaniuma. Hata hivyo sikutosheka; nikapita kwa shoga yangu Eugénie kumsimulia, nikarudia mara mbili pale pa kutema.

Nilipofika nyumbani, Divine, mke wa mwanangu, alikuwa ameshamfungulia ndama wetu.

"Mama, katoto ka ng'ombe kanakataa ziwa," alisema. "Na Bihogo amefunga maziwa."

Ng'ombe wetu hawa, ndama asipoanza kunyonya, hawaachii hata tone. Niliosha kwa sabuni, nikaosha kwa majivu, nikabembeleza. Ndama alinusa akageuka. Ndani Sonia alikuwa akilia njaa.

Giza halijaingia, Rutayisire akaja na bidoni ya maziwa.

"Mama Mukandoli, kamata. Ni ya mutoto."

Hakutaja chuchu, wala hakucheka. Laiti angecheka. Nilipokea kwa mikono miwili, ndivyo maziwa yanavyopokelewa kwetu, nikasema aksanti. Sonia alikunywa yote akalala. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia Rutayisire jioni ile, nikimwoshea bidoni yake.