Alama za Enoki

Wakili Mhindi aliyefungua ofisi Makambako mwaka 1957 alitaka karani mmoja tu. Kefa alikwenda kwa miguu kutoka Njombe, akamkuta Enoki amekwisha kaa kwenye benchi. Enoki ndiye aliyemshinda katika mtihani wa darasa la nane, na kwa miaka kumi wivu ulitokota moyoni mwa Kefa hata pombe ya ulanzi ilichacha akiipitia karibu.

Kefa aliitwa kwanza. Hakungoja swali.

"Bwana Wakili, usidanganyike na cheti cha yule. Hesabu tisini na moja, sawa. Lakini Kiingereza sabini na nne, Jiografia sitini na nane, Kilimo hamsini tu."

"Na wewe ulipata ngapi?"

Kefa akakuna kichwa. Zake hakukumbuka hata moja.

Wakili akacheka. "Alama za zamani hazinisaidii, bwana. Ila mtu anayeshika mambo ya mpinzani namna hii ndiye ninayemtaka mahakamani. Anza Jumatatu."

Kefa akatoka kifua mbele. "Kazi nimeichukua mimi."

"Hongera, kaka," Enoki akamshika mkono, uso umemng'aa kweli. "Basi narudi kwenye shamba langu la miti ya miwati. Mwaka huu imestawi ajabu."

Njia nzima ya kurudi Njombe, Kefa aliwaza miwati ile ni ekari ngapi.