Masizi ya Mahame

Kigae cha kitako ndicho kilichokuwa kibishi. Emiliana alikilaza kwenye ukingo wa sinki, akakikandamiza kwa mkono wa kushoto, akakisugua kwa stilwaya mpaka vidole vikamwuma. Maji kwenye beseni yalishakuwa meusi tii.

"Toka," alikiambia. "Toka basi, wageni wanakuja."

Masizi yakatoka. Yalianza pembeni, halafu katikati, na udongo mwekundu ukajitokeza kama umefinyangwa juzi. Alisuuza vigae vyote vya chungu kile, akavipanga juani dirishani, akarudi nyuma hatua moja kuvitazama. Roho yake ikatulia.

Chumba cha kazi kilikuwa ghorofa ya pili huko Bur Dubai, nyuma ya maduka ya vitambaa. Humo vililetwa vitu vilivyochimbwa mahameni, mbali jangwani, mahali palipobaki misingi ya nyumba, kisima kilichojaa mchanga na mafiga ya watu ambao hakuna aliyewajua kwa jina. Emiliana aliosha vigae kwa mswaki laini na maji matupu. Mercyline, binti wa Kisii, aliviandika namba. Daktari Atheer, mwanamke wa Kiiraki mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alivitazama na kusema vina umri gani. Ilikuwa kazi ndogo, na Emiliana aliipenda kuliko alivyothubutu kusema. Kabla ya hapo alikuwa ndani ya nyumba ya madam mmoja ambako ufunguo wa mlango wa nje haukuwa wake. Sasa alikuwa na ufunguo wake, na Ijumaa, siku yake ya mapumziko, alikwenda misa kwa miguu yake mwenyewe, bila kumwomba mtu.

Kwao Mbinga, mwanamke husomwa kwenye kitako cha sufuria. Mama mkwe akija, macho yake hupita kwanza kwenye kichanja cha vyombo, ndipo kinywa kiitikie salamu. Tangu akiwa mdogo Emiliana alitumwa mtoni na majivu na mchanga, na chombo kisipong'aa alirudishwa. "Masizi ni uvivu uliopikwa," mama yake alizoea kusema, na hakuwa mtu wa kurudia maneno.

Asubuhi ile Daktari Atheer alikuwa amepiga simu. Kesho yake angekuja Bi Maha, mama mtu mzima ambaye ukoo wake unasemekana ulitoka mahame yale, aonyeshwe chungu cha watu wake. Mercyline akatoka kwenda kununua wino wa printa. Emiliana akakitafuta chungu, akakikuta rafuni kimefungwa kwenye foili kama pilau ya kupelekewa waliobaki nyumbani. Alipofungua, alitahayari. Kitako kizima kilikuwa cheusi, masizi yamegandamana tabaka juu ya tabaka. Haikuwa aibu yake, lakini ilimshika kama yake. Hivi mgeni aje aonyeshwe chungu cha bibi yake kikiwa katika hali ile? Mswaki haukutosha, akachukua stilwaya.

Mercyline aliporudi, alisimama mlangoni na mfuko wake wa wino.

"Woi! Emi, nini hii? Umetoa hiyo foil?"

"Nimekiosha, dada. Tazama kilivyotakata! Sijui mlikuwa mnakiachaje vile."

Mercyline aliketi juu ya boksi, taratibu, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba.

"Hiyo uchafu ndiyo ilikuwa tarehe yake, mrembo."

Akamweleza. Vyungu vya kupikia havina maringo wala mitindo. Bibi humfinyangia mjukuu vilevile alivyofinyangiwa yeye, na ukikitazama kimoja huwezi kujua ni cha karne gani. Lakini moto haudanganyi. Masizi yakipelekwa maabara ng'ambo, yanasema yaliungua lini. Ndiyo maana kile kilifungwa foili tangu shimoni, kisiguswe na mkono wa mtu.

"Bila masizi hicho ni udongo tu," Mercyline alisema. "Kinaweza kuwa cha juzi, kinaweza kuwa cha enzi za Nuhu."

"Mbona hukuniambia?"

"Aki, nilidhani unajua. Kitu iko kwa foil haiguswi. Kila mtu anajua."

"Mimi si kila mtu, dada Mercy. Mimi nimekuja hapa mwezi uliopita."

Emiliana alikimbilia sinki. Beseni lilikuwa tupu. Maji yakishamwagika hayazoleki, na yale yalikuwa yameshakwenda na masizi yake chini ya mitaa ya Bur Dubai.

"Sikiza," Mercyline alisema kwa sauti ya chini, ingawa hapakuwa na mtu mwingine. "Tunaziweka kwa tray ya jana, na zile zingine plain. Tunasema ile ya foil ilibaki kwa gari ya Soud. Huyo arbab hupoteza vitu kila siku. Ukisema ukweli, anakukatia tiketi. Unajua hivyo."

Alijua. Soud, arbab wao, yaani bosi, ndiye aliyekuwa na mkataba wa vibarua wote, na viza zao zilikuwa mkononi mwake. Kukatiwa tiketi maana yake ni kurudi nyumbani mikono mitupu, au kubembeleza madam mwingine na mlango mwingine.

Jioni, kwenye abra, mashua ya kuvukia kwenda upande wa Deira, alikaa kati ya wanaume waliotoka kazini akalia bila kujificha. Alilia kwa ajili ya tiketi, ndiyo, lakini kulikuwa na jingine lililomchoma zaidi. Palikuwa na mwanamke. Alipika, akahama, akafa, jina lake likapotea. Kilichobaki chake duniani kilikuwa weusi kwenye kitako cha chungu. Na aliyekuja na stilwaya alikuwa mwanamke mwenzake. Emiliana alipangusa uso kwa kanga na kushuka, akatembea mpaka Al Muraqqabat kwenye chumba alichopanga na wasichana wengine, na hakula.

Bi Maha alikuja asubuhi na fimbo yake, mchangamfu, akinukia udi, akiuliza jina la kila mtu na watoto wangapi. Daktari Atheer alitafsiri Kiarabu chake kwa Kiingereza. Alimwonyesha shanga, kipande cha bangili ya kioo, picha za shimo. Alipofika kwenye picha ya mafiga akasema kwamba chungu walikikuta juu yake, kimepinduliwa kifudifudi.

Bi Maha alipiga makofi.

"Bibi yangu alifanya hivyo hivyo! Tulipohama kufuata maji alikipindua chungu jikoni, mchanga usiingie. Anayepindua chungu anarudi. Basi ni chake?"

"Huenda," Daktari Atheer alisema. "Au ni cha mtu aliyemtangulia kwa miaka mia tatu. Masizi yake yatatuambia. Mercyline, leta kile cha foili."

Mercyline alitazama sakafu.

"Daktari, nafikiri ilibaki kwa gari ya..."

"Ni mimi, madam," Emiliana alisema. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, lakini kilitosha. "Nimeyasugua. Yametoka yote."

Daktari Atheer alivaa miwani. Alikichukua kigae cha kitako, akaenda nacho dirishani, akakigeuza huku na huku.

"Nani alikuambia ukisugue?"

"Hakuna, madam. Ni mikono yangu tu."

"Kwa nini?"

"Mgeni alikuwa anakuja. Kwetu mgeni haonyeshwi chungu chenye masizi. Nikaona mwenyewe hayupo wa kukiosha, nikamwoshea."

Daktari alitafsiri kwa maneno machache, uso umekaza. Bi Maha alimgeukia Emiliana.

"Bibi yangu naye angekisugua," alisema. "Lakini mimi nilitaka kujua."

Akajitanda shela yake vizuri, akaondoka kabla ya chai. Chai ikabaki mezani.

Daktari Atheer hakupiga kelele, na Emiliana aliona afadhali angepiga.

"Soud anataka kukurudisha. Nimeshazungumza naye sasa hivi. Shimo linafukiwa Alhamisi, barabara inapita hapo. Kando ya mafiga yapo majivu ambayo hatujayachekecha. Kesho panda gari uende. Tafuta kokwa ya tende iliyoungua. Mkaa unaweza kutudanganya, mti huwa mzee kuliko moto wake. Kokwa ni ya mwaka wake. Ukiipata, tarehe tunayo, na mimi nitakuwa na neno la kumwambia Soud. Usipoipata, sina."

Basi Emiliana alikwenda jangwani. Ilikuwa majira ya baridi, asubuhi mchanga ni baridi kama sakafu ya kanisa, na mchana jua linakupiga kisogoni. Alipiga magoti, akachota majivu, akachekecha. Kuchekecha alikujua, amechekecha unga tangu hajafika kimo cha kinu. Lakini unga hukupa ugali jioni. Majivu haya yalimpa changarawe, mifupa ya samaki, changarawe tena. Siku ya pili alipata kokwa, akapiga ukelele, na vibarua wakacheka mpaka wakashika viuno: ilikuwa ya kahawia, bado inanata, ya chakula chao cha mchana. Naye alicheka, kisha akaona machozi yanakuja, akainamisha kichwa juu ya chekecheke.

Alhamisi tingatinga lilikuja mapema na kusimama na injini yake ikinguruma. Soud aliegemea gari akitazama simu.

"Yalla, khalas!" alipaza sauti. "Inatosha, mama!"

"Bado ndoo moja, arbab."

"Moja tu!"

Daktari Atheer alikuwa upande wa pili wa shimo, akipiga picha za mwisho. Emiliana alimimina ndoo ile na kuanza kuitikisa chekecheke pole pole, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Majivu yakashuka. Changarawe zikabaki. Na katikati ya changarawe kikabaki kitu kirefu kidogo, cheusi, kimevikwa majivu. Upande mmoja kilionekana kina mfuo kama wa kokwa ya tende, au pengine ulikuwa ufa wa jiwe tu. Kwa vumbi lile haikuwezekana kujua.

Kidole gumba chake kilikuwa kimeshakwenda. Kilikwenda chenyewe, kama kilivyokwenda maisha yake yote, kupangusa. Akakiona kikiwa juu ya kile kitu, karibu kukigusa, na akakizuia.

"Madam!" aliita. "Madam, njoo! Sijakigusa!"

Daktari Atheer aliruka mtaro wa shimo, kamera ikimpiga kifuani, akapiga magoti mchangani mkabala naye. Upepo ulikuwa unaanza. Emiliana alivua kanga begani, akaishika kwa mikono miwili kuikinga chekecheke, na wote wawili wakainama chini yake, vichwa vimegusana, kila mmoja amebana pumzi.