Masikio ya Habiba

Habiba alizaliwa kijijini Mbuchi mwaka ule maduka ya Kibiti yalipoanza tena kujaa sabuni na mitumba. Shangazi mtu, Mashavu, aliyekuja na uji wa mzazi, alimfunua mtoto, akamtazama kulia, akamtazama kushoto.

"Wifi, umezaa mtoto au sufuria la vishikio viwili?"

Mwajabu, mama mtu, alicheka na wenzie, lakini hofu ikamwingia. Kama wa siku tatu ana masikio haya, akifika kuolewa yatakuwaje? Akayafunga kwa kipande cha kanga. Kila akifungua, yanafyatuka. Mtoto alipotimiza miaka miwili, Mwajabu akanunua mtumba Kibiti: kofia ya sufu ya watu wa nchi za baridi. Habiba akaivaa kwenye joto la Mbuchi hadi harara ikamtapakaa kichwa kizima.

Zahanati, Nesi Mwantumu aliivua kwa vidole viwili.

"Mama Habiba, unamchemsha mtoto?"

"Nayazuia masikio, nesi."

"Hayazuiliki. Masikio hukua mbio utotoni, kichwa kinakuja nyuma. Akianza shule, yatakuwa yamebakiza kidogo tu kufika ya mtu mzima. Wewe subiri kichwa kiyafukuzie."

Mwajabu hakusadiki. Kila Idi alichukua uzi wa nyavu, akayapima masikio, akafunga fundo. Mwaka wa tatu mafundo yaliachana vizuri. Wa nne, yakasogeleana. Habiba alipoingia darasa la kwanza, fundo jipya lilikaribia kulipanda la zamani, na huku mashavu yake yamejaa, kichwa kimetanuka.

Furaha ikamtia wazimu wa kupima. Akapima watoto wa jirani wote. Adhuhuri moja akamkuta mumewe, Amri, amejilaza mkekani, kofia yake imeanguka. Amri alikuwa mtu wa kofia, hata kulala alilala nayo, imeshuka hadi shingoni. Mwajabu akainama na uzi wake. Uzi haukufika!

"Mume wangu, amka! Kumbe mwizi yumo humu humu ndani!"

Amri akakurupuka. "Mwizi gani?"

"Wa masikio! Miaka saba wananicheka mimi, nawe unayo umeyafunika!"

Amri akaipapasa kofia, akaivaa upesi. "Ya marehemu mama hayo," akanong'ona. "Hata Mashavu anayo. Unadhani kwa nini hafungui ushungi?"

Mwajabu alicheka hadi akakaa chini.

Habiba aliolewa Kibiti akiwa na miaka ishirini. Siku ya kumtoa bibi harusi ukumbini, Mwajabu alikaa mbele kabisa, amejiandaa. Kwa miaka yote ile alikuwa na jibu kali la kumpa yeyote atakayetaja masikio ya mwanawe, amelinoa vizuri. Wageni wakasifu macho, wakasifu hina, wakasifu shingo. Mwisho hakuweza kuvumilia, akamgusa mama wa bwana harusi.

"Na masikio, mkwe, umeyaonaje?"

Yule mama akamtazama Habiba kwa makini, kisha akamgeukia.

"Yana nini?"