Mstari wa Majani Mabichi

Mwezi wa Februari mwaka 1955, kaskazi ilipokuwa imekausha kila kitu mjini Tanga, Yudith aliona jambo uani kwake ambalo hakuweza kulieleza.

Alikuwa mwalimu wa shule ya wasichana, Mshambaa wa Lushoto, na alikuwa amehamia Chumbageni miezi miwili tu nyuma. Nyumba aliyopanga ilikuwa ndogo, lakini uwanja wake wa nyuma ulikuwa mpana, na majani yote humo yalikuwa yamekauka, yakikanyagwa yanavunjika. Yote, isipokuwa mstari mmoja. Ulianzia kwenye ua wa makuti uliomtenga na jirani, ukakata uwanja mshazari, ukaishia karibu na jiko. Upana wake haukuzidi hatua moja. Humo ukoka ulikuwa mbichi, laini, kana kwamba mvua ilinyesha hapo peke yake.

Yudith aliuchunguza asubuhi na jioni. Bomba la maji lilikuwa upande wa barabarani, mbali kabisa. Mvua haikuwa imeonekana tangu kabla ya Krismasi.

Alikuwa ameshaanza kutafuta mtu wa kumlimia uwanja ule kabla ya masika. Laurenti, mwalimu mwenzake, alimwambia, "Vibarua wa jembe utawapata sokoni asubuhi yoyote. Lakini ukitaka bustani, mtafute Uweso wa Kigombe. Anafanya kazi polepole na anauliza maswali mengi mno. Wengine hawampendi kwa hilo."

Yudith, ambaye kila siku alihangaika kuwafanya watoto waulize maswali, alimtumia Uweso ujumbe siku hiyo hiyo.

Alikuja Jumamosi, mtu mrefu aliyepita miaka hamsini, begani jembe na fyekeo, mkononi chuma chembamba chenye ncha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Unataka nini hapa?"

"Mboga huku karibu na jiko. Na huku kwingine nataka ukoka mfupi, wanafunzi wangu wakija wapate pa kukaa."

"Wanakuja na viatu?"

Yudith akacheka. "Wachache. Kwa nini?"

"Viatu vinaua ukoka ungali mchanga. Mwaka wa kwanza waache viatu mlangoni." Akaokota udongo, akaufinya kiganjani, akaunusa, akaumwaga. Alizunguka uwanja mzima hivyo, mpaka akafika kwenye ule mstari. Hapo akachuchumaa.

"Nani alikaa hapa kabla yako?"

"Karani mmoja. Amehamia Korogwe."

"Na kabla yake?"

"Sijui."

"Basi sitapiga jembe kwanza."

Yudith alikunja uso. "Mzee, nimeacha shughuli zangu leo kwa ajili ya kazi hii."

"Kazi nimeshaianza," alisema Uweso bila kuinua macho.

Akachomeka kile chuma katika ardhi kavu. Kilizama shibiri moja, kikagoma. Akakichomeka kwenye mstari. Kilishuka bila taabu, kisha kikagonga kitu kigumu, na sauti iliyotoka ilikuwa ya kitu chenye uwazi chini yake. Akasogea hatua tatu, akachomeka tena. Sauti ile ile, kina kile kile. Yudith naye akachuchumaa. Hasira ilikuwa imemtoka.

Uweso alichimba kwa mikono, taratibu, mpaka kikaonekana kigae chekundu kama vya mapaani, kimelazwa kifudifudi. Akakiinua. Chini yake kulikuwa na mfereji mwembamba uliojengwa kwa mawe na chokaa, kazi safi, na sakafuni mwake kulikuwa na unyevu tu.

Walikuwa bado wanautazama waliposikia mchirizi ukija. Maji yalipita mbele yao, kiasi cha kujaza kata mbili, yakaelekea jikoni, yakakatika.

"Yametoka wapi?" Yudith aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliye darasani.

Uweso aligeuka kutazama ua wa makuti. "Adhana ya adhuhuri imekwisha sasa hivi," alisema. "Kuna mtu anatawadha. Jirani yako ni nani?"

"Bibi mmoja, Mwamvua. Tunasalimiana njiani. Sijawahi kuingia kwake miezi yote miwili niliyokaa hapa."

"Miezi miwili?"

Yudith aliona haya.

Walisubiri hadi walipodhani amemaliza kuswali, wakazunguka kwa barabarani, wakapiga hodi. Bibi Mwamvua alikuwa amekaa mkekani anasuka ukili. Alipokea shikamoo zao, akawakaribisha, akasikiliza habari ya mfereji mpaka mwisho huku vidole vyake vikiendelea na kazi.

"Huo wa marehemu mume wangu, Zubeiri," alisema. "Alikuwa mwashi. Zamani kwako na kwangu ulikuwa uwanja mmoja. Yeye hakupenda maji ya udhu yapotee bure, akayatengenezea njia yaende kwenye mkomamanga wake. Alipofariki, warithi wakagawana, ukapigwa ua katikati. Ni miaka kumi na mmoja sasa."

Yudith alijua kwamba kwake hakuna mkomamanga. Kulikuwa na kisiki karibu na jiko, na kila siku alikikalia akichambua mchele.

"Bibi, huo mti..."

"Ulikatwa. Nilisikia shoka nikiwa hapa hapa. Karani alitaka pa kuanikia nguo."

"Na bado unamwaga maji pale pale?"

"Nitamwaga wapi, mwanangu? Ninapotawadha ni pale pale na shimo ni lile lile." Kisha vidole vikasimama. "Kwani bado yanafika?"

Yudith alimtazama Uweso, naye Uweso akajibu kwa makini, kama fundi anayesema kazi ya fundi mwenzake. "Yanafika, bibi. Yanavuja kidogo njiani kwenye maungio, ndiyo maana majani yamestawi, lakini yanafika mpaka mwisho. Mteremko wake ameupima vizuri sana. Sijui aliupimaje."

Bibi Mwamvua aliuweka ukili pembeni, akanyoosha mkono kuchukua buibui lake. "Nipelekeni nikaone."

Alishikwa mkono na Yudith mpaka uwanjani. Pale kwenye kigae kilichofunuliwa aliinama kwa shida, akaingiza mkono, akapapasa chokaa kwa ncha za vidole. Uweso aliondoka akaenda kunoa fyekeo lake mbali.

"Nilimbishia," alisema bibi. "Nilimwambia maji yatapotelea mchangani. Tulibishana mpaka chakula kikapoa."

Uweso alikirudisha kigae mahali pake kwa mikono yake mwenyewe. Mstari hakuugusa kwa jembe. Matuta ya mboga aliyapanga pale mfereji ulipoishia, mchicha mbele na bamia nyuma, na ule uwanja mwingine akaulima polepole kwa siku nne, akiacha ukoka upandwe masika yakianza.

Siku zote nne Bibi Mwamvua alikuja na ukili wake, akakaa kwenye kizingiti cha jiko. Alimwonyesha Uweso mahali ambapo zamani palikuwa na tanuri la chokaa, asije akapanda kitu hapo kikaungua mizizi. Siku ya mwisho, Yudith aliporudi kutoka shuleni na kuwaletea chai, bibi aliuweka ukili magotini.

"Mwanangu, huko kwenu Lushoto, nasikia asubuhi mtu akisema hutoka moshi mdomoni. Ni kweli?"

"Ni kweli, bibi. Mwezi wa Julai."

"Na haumchomi?"

"Hauchomi. Ni pumzi tu, imekutana na baridi."

Bibi Mwamvua akafungua kinywa, akatoa pumzi polepole katika joto lile la Tanga, akatazama hewa mbele yake kuona kama kuna kitu.