Mto Uliochoka Kusikia Tutaona

Usiku wa kuamkia leo niliota niko kwenye kayaki ya watu wawili, Mto Pangani, jua likielekea kuzama. Mbele amekaa mke wangu, Mzidalifa. Nyuma nimekaa mimi, na jaketi la kuokolea maisha linalonibana tumbo.

Ndotoni, kama ilivyo nyumbani, Mzidalifa amepata nafasi ya kusomea ukunga Dodoma, miaka miwili, na anasubiri kauli yangu. Tangu Ramadhani namjibu "tutaona". Ni neno zuri. Halimuudhi mtu, na mimi ni mtu wa amani.

Kando ya mto kilisimama kipimo cha maji, chuma kirefu kilichochorwa namba. Kikakohoa.

"Sheria ni moja," kikasema. "Wa mbele anapiga kasia, wa nyuma anasema mnakwenda wapi. Asiposema, maji yanapungua."

"Sawa, mzee," nikakijibu.

Mzidalifa akatumbukiza kasia. "Baba Tausi, tunaelekea wapi?"

"Tutaona."

Mto ukashuka shubiri nzima. Kiboko aliyekuwa amejilaza pembeni akabaki mgongo nje. Akavuta magugu maji, akajifunika.

"Samahani," anasema, "mnaniona sijajisitiri."

Tukageuza nyuso upande wa pili, kwa heshima.

Kona iliyofuata ilituingiza sebuleni kwa mama mkwe. Tunapita katikati ya makochi. Yeye amepandisha miguu juu ya stuli, anamenya viazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Msiligonge kabati la vyombo. Mwanangu anakwenda Dodoma au haendi?"

"Tutaona, mama."

Maji yakaondoka chini ya makochi kama beseni lililomwagwa, na kayaki ikakwama juu ya busati. Mama mkwe akalitazama tope, akanitazama mimi, akaendelea na viazi vyake.

Nilipopepesa macho, busati lilikuwa limegeuka mchanga, nasi tumekaa katikati ya mto mkavu. Ilibidi niinue shingo ili nikione kipimo. Kiboko yuko uchi kabisa na amenipa kisogo. Mzidalifa akashuka, akaweka kasia begani, akaanza kutembea kwa miguu kuelekea Dodoma. Hakuwa amekasirika. Hilo ndilo lililonitia hofu.

"Atarudi?" nikakiuliza kipimo.

"Mimi napima maji tu, bwana."

Nikaogopa sana. Sikuwa naiogopa Dodoma. Nilikuwa naiogopa nyumba yangu ikifika jioni, bila mtu wa kuniuliza mchana nimekula nini, na niliona aibu kulisema hilo mbele ya kiboko. Nikalisema hivyo hivyo, kwa sauti, lote. Kisha nikaongeza: "Nenda ukasome, Mama Tausi. Mtoto atabaki na mimi. Nywele zake nitazisuka mwenyewe."

Maji yakaanza kurudi, polepole. Yakamfika Mzidalifa kwenye vifundo vya miguu, yakamfika magotini. Kiboko akazama mpaka shingoni.

"Ahsante, bwana," akasema.

Mzidalifa aligeuka akanitazama kwa muda, kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukikata. Nikaamka.

Kumekucha. Mzidalifa ameinama kando ya kitanda na tambara mkononi. Anafuta ukutani mstari wa tope bichi, juu kidogo ya sakafu, uliozunguka chumba kizima.

"Hilo la kusuka nywele," anasema bila kugeuka, "umelisema kweli?"

Nikashuka kitandani, nikamwita Tausi aje na kitana.