Vidonge vya Dada Wawili

Jumanne, tarehe 17 Juni 2025. Asubuhi ukungu ulifunika mahindi, na viti vya plastiki vililowa hata tukavipangusa kwa leso kabla ya kukaa.

Ilikuwa siku ya tatu tangu tumzike mama nyumbani kwetu Bungoma, na jamaa walikuwa wamekusanyika kugawa vitu vyake kama ilivyo desturi. Baba mdogo Absalom ndiye aliyegawa. Sufuria na blanketi zilipokwisha, akainua mfuko wa dawa za presha. Mama alikuwa akizichukua kliniki huko Kitale, alikoishi nami mtaa wa Matisi.

"Na hizi?"

"Nipe mimi," akasema Peris, mdogo wake mama. Hakuwa ameomba kitu kingine, hata kitambaa cha kichwa.

"Na mimi nipewe mbili, bana," akasema mzee Mukhisa. Alitahiriwa mwaka mmoja na marehemu baba, kwa hiyo ana ruhusa ya kutania hata matangani. "Kiuno kinaniuma, na hata sijalima."

Watu wakacheka. Mimi nikaushika ule mfuko.

"Hizi hazigawanywi."

"Ati nini?" akauliza binamu yangu Hillary. "Si umesoma ngumbaru mwaka mmoja tu? Umeshakuwa daktari?"

Peris akanitazama kwa uchungu. "Joy, mwanangu, si wewe ndiye ulikuwa ukiniletea? Leo unaninyima?"

Ni kweli, nilikuwa nikimletea. Kwa miaka miwili, kila mwezi nilibeba nusu ya dawa za mama kutoka Kitale, nimezifunga kwenye leso. Mama akimeza leo, Peris anameza kesho. Mama alikuwa akisema, "Tulinyonya titi moja. Kidonge kitatushinda kugawana?"

Nilipojua kusoma katika darasa hilo la watu wazima, nilisoma karatasi ya kliniki: kimoja kila siku. Nikamwambia mama. Akaniambia ninyamaze, Peris asije akakataa. Nikapiga magoti, nikamwomba Mungu amlinde mama yangu. Mwezi uliofuata nikabeba tena.

Sasa nilisema yote hayo mbele ya watu. Nikasema pia kwamba daktari alituambia presha ndiyo iliyopasua mshipa kichwani mwa mama, siku ile alipoanguka akisonga ugali. Hakuna aliyecheka tena.

Peris aliutazama ule mfuko mkononi mwangu.

"Aliniambia wanampa nyingi," akasema. "Aliniambia zinabaki."

"Alikupenda, mama mdogo."

"Basi na mimi sitameza tena. Sitameza kitu. Acha nimfuate."

Nikamwomba Mungu anipe neno. Nikapiga magoti kwenye majani yenye umande na kumshika miguu.

"Nimemzika mmoja," nikamwambia. "Kosa ni langu, nilijua nikanyamaza. Usiniongezee kaburi lingine."

"Peris," akasema Absalom, "kwa nini hukwenda kliniki wewe mwenyewe?"

"Niliogopa kadi, shemeji. Ukishaandikwa kadi, umekuwa mgonjwa mpaka kufa. Dada aliandikwa kwa niaba yetu sisi wawili."

Mukhisa akavua kofia. Nilifikiri atatania, lakini alisema polepole, "Hata mimi nina kadi ya presha, shemeji. Mwaka wa nane huu. Sikuwahi kuwaambia."

Peris akamtazama, kisha akalia. Alimlilia dada yake kwa jina, kilio ambacho hakukilia hata siku ya mazishi, na wanawake wakamshika mabega. Absalom akangoja. Peris alipotulia, akamwambia, "Simama useme utafanya nini, sisi sote tusikie."

Peris akasimama, akiwa ameniegemea.

"Kesho asubuhi nitakwenda kliniki na Joy," akasema. "Nitaandikwa kadi, kwa jina langu. Nitameza zangu kila siku ambayo Mungu atanipa. Nimesema mbele yenu, na mbele ya kaburi la dada yangu."