Jina la Mwenyewe

Mwanakuu alipoulizwa ni nani aliyempiga, alijibu kwa adabu yote aliyolelewa nayo pale mtaani Kuze.

"Mwenyewe."

Konstebo Wekesa, kijana wa bara ambaye hakuwa na muda mrefu kisiwani, aliinua kalamu. "Umejipiga mwenyewe, mama?"

Mwanamume mmoja benchini alicheka. Mwanakuu alivuta buibui juu ya taya lililovimba. "Si mimi, mwanangu. Mwenye nyumba."

"Basi hiyo ni kesi ya kodi. Haiandikwi hapa."

Mgeni ni kuku mweupe, na hapo kituoni kuku alikuwa Mwanakuu, japo kitovu chake kimezikwa kisiwani humo humo. Aliketi, akasimama, akauchungulia mlango asije akapita mtu wa mtaani akamwona.

"Anasema ni mumewe," akaingilia Jael, jirani yake wa ghorofani, mpiga chapa wa ofisi moja bandarini. Yeye ndiye aliyemkokota hadi hapo asubuhi hiyo.

"Jina lake?"

"Baba Tumu," akasema Mwanakuu.

"Sheria haimwiti baba fulani, mama. Na aliyepigwa ndiye anayeandikisha, si jirani. Bila jina hakuna wa kuitwa. Nitafunga kitabu hiki, nawe utarudi nyumbani."

Nyumbani. Mwenyewe angerejea baada ya Isha, na jana alikuwa ameapa kwamba hajamaliza. Kosa lake lilikuwa kwenda sokoni Marikiti bila ruhusa. Mwanakuu aliogopa, lakini ulimi wake uliogopa zaidi.

Jina la mume halikai kinywani mwa mke. Ndivyo alivyousiwa na mamake siku ya kuolewa. Mama huyo aliolewa na Juma, akafa bila kuitaja Ijumaa. Kwake ilikuwa "siku ya msikiti" tu, na wajukuu wakamcheka mpaka wakachoka. Mwanakuu naye alikuwa na neno lake la kuliepuka. Wageni wakiaga, yeye huwajibu, "Tutaonana inshallah," nao husema mke yule ana mapenzi na watu.

"Twende zetu, Jael," akasema, akijifunga buibui. "Mimi siwezi."

Jael hakubishana naye. "Haya, Mama Tumu. Lakini mimi kule juu hupandisha redio nisisikie. Tumu hana redio."

Mwanakuu alisimama pale pale. Akilini alimwona mwanawe Tumu alfajiri ile, akimkanda taya kwa kitambaa cha maji ya moto bila kuuliza lolote, kwa mkono uliokwisha kuzoea. Mtoto wa miaka kumi na miwili amezoea. Uchungu wa hilo ulimchoma kuliko taya.

Akarudi kwenye kaunta.

"Heri," akasema.

Sauti ilitoka nyembamba. Alingoja dari imwangukie. Huko nje mchukuzi wa mkokoteni alikuwa akiomba njia, basi.

"Heri? Kama ya kwaheri?"

"Hiyo hiyo. Heri Famau." Mara ya pili jina lilimtoka kwa hasira, na hasira hiyo, Mungu amsamehe, ilimpendeza. "Heri Famau ndiye aliyenipiga. Si leo tu. Andika, mwanangu, nami nitakueleza tangu mwanzo."

Wekesa aliandika. Alipomaliza alisema mtu huyo ataitwa. Ataitwa lini, hakusema, wala zaidi ya hapo hakuahidi. Mwanakuu hakujua usiku huo yeye na Tumu wangelala wapi. Akaufikia mlango.

"Kwaheri, mama," Wekesa akamwambia.

Mwanakuu aligeuka. Lile jibu lake la siku zote lilikuja lenyewe hadi ncha ya ulimi. Akalimeza.

"Kwaheri," akasema, neno zima, taya likimuuma.

Jael, aliyekuwa ametangulia kwenye ngazi za nje, alisimama akageuka kumtazama.